Amparo kwa R Iliyogeuka

Mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na saba na mimba ya miezi tisa, taabu yangu ilianza. Sisemi kwamba kabla ya hapo nilikuwa nakula asali. Nilikuwa nalima kama wengine, mgongo unauma kama wa wengine. Lakini taabu ya kuitwa mkimbizi ilianza mwaka ule, tulipotoka Burundi kwa boti la watu wa dagaa, tumelala kifudifudi juu ya nyavu zilizolowa. Mume wangu alibaki upande ule. Alibaki maana yake alikufa. Sipendi kuzungusha maneno.

Tulishuka Kibirizi asubuhi, jua limeshapanda. Sikufika mbali kwenye mchanga, chupa ikapasuka. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakaacha kazi, wakanizungushia kanga zao kama ukuta, na mmoja akapiga kelele: "Mwiteni Mkunga wa Ujiji! Yuko kwa shoga yake hapo juu, nimemwona akipita sasa hivi!"

Akaja. Mwanamke mfupi, mweusi, mguu wa kushoto akiuburuta kidogo, baibui limefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Hakunipa pole. Alinitazama nilivyokuwa nahema, akauliza:

"Wewe umekuja kwa boti au umeogelea?"

"Kwa boti."

"Basi acha kuhema kama aliyeogelea. Sukuma."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka huku nasukuma, na mtoto akatoka. Msichana. Mkunga akamfuta, akamgeuza, akamtazama miguu, akasema bila kuniuliza: "Huyu Amparo."

"Ni Kiswahili hicho?"

"Ni Kihispania."

"Maana yake nini?"

"Mnyonyeshe kwanza. Maana haina njaa."

Namwita Mkunga kwa sababu ndivyo alivyotaka aitwe. Jina lake mwenyewe alikuwa nalo, zuri tu, la Kiislamu, lakini ukimwita kwalo anakuuliza kama unamdai. Alizaliwa wapi, kwa nani, ukoo gani, hayo waulizwe watu wa Ujiji wanaopenda kuhesabu babu zao. Mimi ninayajua ya kwake niliyoyaona na kuyasikia, na yananitosha.

Na mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la pili, tena darasa la pili la kwetu, la Kirundi. Haya ninayoandika nimejifunza ukubwani, kwa hiyo atakayekuta kosa alirekebishe kwa kalamu yake, aendelee kusoma.

Mkunga alikuwa na ulimi mbaya na mikono mizuri. Ndiyo kifupi chake. Kwa mwanamke mwenye uchungu hakuwa na neno moja la kubembeleza. Kazi yake ilikuwa kuwapa habari za majirani: nani kafumaniwa, nani kaunguza wali wa harusi, mume wa fulani kavaa viatu vya mke wake akaenda navyo msikitini. Alikuwa anasema uongo mwingi. Wanawake walikuwa wanazaa huku wanauliza, "Ikawaje?" Nimeona hayo kwa macho yangu, kwa kuwa nilikaa kwake siku arobaini, na katika siku hizo wanawake kumi na zaidi walikuja.

Hizo siku arobaini zenyewe alizipigania. Lori la kutupeleka kambini lilikuja siku ya tano. Akatoka mlangoni na mwiko mkononi, akamwambia yule mwenye orodha: "Mzazi hatoki kabla ya arobaini."

"Bibi, huyu ni mkimbizi."

"Tumbo lake halijui."

"Ni amri, Bibi."

"Basi aliyetoa amri aje ambebee mtoto kichwa kisivunjike njiani huko Kidahwe, maana lile korongo nalijua. Akija nitamfungia kanga, abebe."

Lori likaondoka bila mimi. Nikabaki nakula uji wa pilipili manga na samaki wa ziwani, migebuka ya kuchemsha, ndani ya nyumba ya watu ambao wiki moja nyuma sikuwajua.

Usidhani alikuwa malaika. Alitusema sisi Warundi kutwa nzima. Tunapika maharage kama tunapikia mifugo. Tunaongea chini chini kama wezi. Mwanangu akilia anasema, "Kilio cha Kirundi hicho, hakina mwisho." Halafu anamchukua, anamlaza juu ya paja lake baya lile, analala yeye na mtoto. Lakini mtoto akishaanza kutembea Mkunga hamtaki tena. Alikuwa anasema: "Akishasimama ni mtu kama watu wengine, na watu nimewachoka." Watoto aliowazalisha wakimkimbilia njiani aliwafukuza kwa kandambili.

Na jambo jingine. Miaka yote aliyoishi kando ya ziwa, hakuwahi kupanda boti. Alikwenda mahali kwa miguu au kwa gari, na pasipofikika kwa gari aliwaacha wazae wenyewe. Nilipomuuliza alinijibu kwamba yeye anawatoa watu kwenye maji, hajaona sababu ya kurudi humo.

Sasa nije kwenye jina, maana watu wengi wananiuliza jina na mimi ninawaeleza mtu.

Kwetu Burundi, na kwa Waha pia wa zamani, wenyeji wa huku Kigoma, jina la mtoto ni sentensi nzima. Halirithiwi. Baba ana lake, mama lake, kila mtoto lake, na watu wanaosoma karatasi wanadhani tumeokotana barabarani. Jina langu mimi, ukiligeuza Kiswahili, ni "Wananichukia bure". Mama aligombana na majirani mwaka niliozaliwa, akawatupia jina hilo kwa kila mara atakaponiita. Kwa hiyo mimi kuambiwa mtoto wangu ana jina lisilosema kitu lilikuwa jambo gumu. Nilimfuata Mkunga nalo jikoni, uani, mpaka chooni.

Maana aliyonipa ilikuwa inabadilika. Jumatatu Amparo lilikuwa mwavuli. Alhamisi likawa ukuta. Siku nyingine akasema, "Ni pale unapojibanza mvua ikipiga." Na asili yake pia ilikuwa inabadilika. Mara ya kwanza alisema ni jina la sista wa Kihispania aliyemfundisha kazi kwenye zahanati moja ya misheni, alipokuwa msichana wa kuosha mabeseni. Mara ya pili lilikuwa jina la mama yake yule sista. Mara ya tatu akaniambia kwamba sista alikuwa na jina lake jingine kabisa, ila mvua ilipoanza kuvuja kwenye wodi alikuwa anawasukumia wazazi na vichanga vyao kona kavu akisema neno hilo, amparo, amparo, na yeye, msichana wa mabeseni, akadhani anamwita mtu.

"Sasa ipi ni kweli?"

"Zote. Mtu mmoja anaweza kufanya mambo matatu."

Nikamwambia, kama ni pa kujibanza, kwetu tunasema ubuhungiro. Akalijaribu mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. "U-bu-hu-ngi-ro. Refu mno. Mtoto atakuwa ameshafika mbali hujamaliza kumwita."

Sheikh jirani yake alikuwa anapita barazani kumsalimia na kumsuta. Mwanamke wa Kiislamu, anaswali vipindi vyote, anawapa watoto jina la masista! Mkunga alimwacha amalize, kisha akamjibu: "Sheikh, sijabatiza mtu wala sijasilimisha mtu. Nimetoa jina. Wewe watoto wako ulipowapa majina ya mawaziri nilikuja kukusuta?"

Katekista wa upande wetu naye, baadaye kule kambini, alifungua kitabu chake cha watakatifu, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akasema Amparo hayumo. Hawezi kubatiza jina la mtu asiyekuwepo. Nikamwambia ambatize jina lolote analotaka kitabuni kwake, nyumbani ataitwa Amparo. Akamwandika Maria. Hilo jina la ubatizo hatukulitumia hata siku moja.

Mkunga hakujua kusoma. Aliweza kuandika neno moja tu duniani, ndilo hilo. Alijifunza kwa kuchungulia, sikumbuki kama ni mkoba wa yule sista au sanduku lake, kila mara alisema tofauti. Na R yake ilikuwa imegeuka. Tumbo la R linatakiwa liangalie kulia. La kwake lilitazama nyuma, kama mtu aliyeitwa njiani akageuza shingo. Alinifundisha hivyo hivyo, kwa mkaa, ukutani nyuma ya jiko, kwa sababu alikuwa amechoka kukaa na mtu mwenye mikono miwili isiyofanya kitu siku arobaini. Nilichora Amparo ukuta mzima. Na tulipompeleka mtoto kliniki, nesi alipouliza jina linaandikwaje, Mkunga alimnyang'anya kalamu, akaliandika mwenyewe kwenye kadi, herufi kubwa kubwa, R inatazama nyuma. Nesi alicheka, akaliacha.

Nikaenda kambini. Pale mlangoni karani aliuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Nikasema Amparo, kwa mdomo wangu wa Kirundi, nikalivuta mwishoni. Karani hakuinua kichwa. Akaandika. Wanawake walionifuata kwenye foleni wakasikia, mmoja akasema, "Ameni!" Sikuelewa Ameni ya nini. Miezi ikapita ndipo mtu anayejua kusoma aliponionyesha: kwenye kitabu mwanangu alikuwa ameandikwa Ampa Roho. Maneno mawili. Mungu ampa roho.

Basi watu wetu wakalipenda kuliko nilivyolipenda mimi! Wanawake waliopoteza watoto njiani, akizaliwa mwingine, Ampa Roho. Mvua za mwaka ule mtaa wetu ulikuwa na watatu. Mwaka uliofuata sikuwahesabu. Kule zahanati ya kambi wakawa wanaandika Ampalo, kwa sababu kati ya Waha na Warundi na huyo nesi mwenyewe hakuna aliyekuwa na uhakika wa R na L. Na huku ziwani, Ujiji na Kibirizi, wenye dagaa walikuwa na Amparo wao halisi, wa mkono wa Mkunga. Ukisimama sokoni ukaita, wanageuka wengi. Wazazi wao hawajawahi kuiona Hispania hata kwenye kalenda.

Habari za Ampa Roho zilimfikia Mkunga kupitia wachuuzi wa dagaa. Wakaniletea majibu yake neno kwa neno: "Mwambieni Mrundi wangu, nani kampa nani roho? Mimi nakata kitovu na kutoa jina. Roho ina mwenyewe. Alirekebishe kabla sijaitwa kujibu mambo yasiyonihusu."

Sikulirekebisha. Niliogopa karani. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema mwenyewe.

Mwanangu alipokuwa anakimbilia miaka minne, ukaja uhakiki. Kila mtu apite mezani na karatasi zake. Karani alikuwa kijana mpya, msafi, shati limepigwa pasi kambini, sijui pasi alipata wapi. Akaweka kadi ya kliniki upande huu, kitabu upande huu.

"Kliniki inasema Amparo. Kitabu kinasema Ampa Roho. Watoto wawili kwenye karatasi, mkononi umeshika mmoja. Yupi wa kubuni?"

"Ni huyo huyo mmoja."

"Wewe unaitwa jina lako, marehemu mume wako jingine, mtoto jingine tena lisilofanana na la yeyote. Na mashahidi?"

"Wako upande wa pili wa ziwa, wamekufa."

Akaandika kitu. Akanieleza bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyonitisha: mtoto ambaye hajulikani ni wa nani anahamishiwa kwa watoto wasio na wazazi, kambi nyingine, mpaka ndugu zake wapatikane. Gari lao linaondoka Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

Nilituma ujumbe Ujiji kwa mchuuzi wa kwanza niliyemwona. Alhamisi, jua halijafika utosini, Mkunga akashuka kwenye lori la mihogo, mguu umevimba, anamtukana dereva. Hakunisalimia. Aliketi kwenye benchi la karani kabla ya kukaribishwa.

"Huyu mtoto nimemtoa mimi, kwenye tumbo la huyu, mchangani Kibirizi."

"Bibi, shikamoo. Una cheti cha ukunga?"

"Marahaba. Wewe mama yako alikuzaa kwa cheti?"

Foleni ikacheka. Karani naye alicheka kidogo, sitamsingizia. Mkunga akaona amepata njia. Akasimama, akageukia watu, akasema kwamba jina hili analijua kila mtu kutoka Ujiji mpaka hapa, na ili kulithibitisha akaita kwa sauti ya kuita mbuzi: "Amparo!"

Vikaja vitoto vitano, Ampa Roho wa mtaa wetu. Kimoja kilikuwa uchi, kina ugali mkononi. Mama zao nyuma wanaitikia, "Bee, Mama Mkunga!"

Karani akaweka kalamu chini. "Bibi, umeniongezea kazi. Nilikuwa natafuta mmoja, sasa nina sita. Wa huyu mama ni yupi?"

Nilimwona Mkunga akinyong'onyea. Mara yangu ya kwanza. Alikaa, akaukamata ule mguu wake kwa mikono miwili. Karani, ninaamini alituonea huruma, akashusha sauti: "Nawapa njia. Kwenye cheti cha ubatizo mtoto ni Maria. Nifute yote mawili, niandike Maria, na mama atie dole gumba. Tumalize hapa hapa. Hakuna atakayeuliza."

Mkunga akanivuta sikio karibu. "Chukua Maria, mwanangu."

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi. Nimekwambia uongo mwingi juu ya hilo neno, hata maana yake sina hakika. Chukua Maria, ubaki na mtoto. Neno litapata watu wengine."

Nitasema ukweli, dole gumba langu lilikuwa limeshainuka. Lakini nikamtazama yule mtoto. Kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa kimeandikwa na mtu mwingine: kibanda namba, blanketi muhuri, mimi mwenyewe namba. Alichokuwa nacho yeye ni lile neno, alilopewa kabla hajapewa nepi. Nikifuta leo ili nimpate, kesho kuna meza nyingine na karani mwingine. Nitafuta nini hapo?

"Hapana," nikasema. "Simwandikishi Maria. Anaitwa Amparo na ni wangu."

"Mama, kesho ni Ijumaa."

"Najua siku. Lete hiyo kalamu."

"Unajua kuandika? Hapa umetia dole gumba kila mahali."

"Hukuniuliza."

Akanipa, nadhani kwa mshangao tu. Sikuwa nimewahi kushika kalamu mbele ya mtu wa ofisi. Herufi zikatoka kubwa kama za mtoto: A, M, P, A, R, O. Karani akaichukua ile karatasi kama anayetaka kunirudishia. Kisha akaileta karibu na kadi ya kliniki. Akatazama huku, akatazama huku.

"Hii R umeigeuza."

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Haiandikwi hivi popote."

"Inaandikwa hivyo kwa huyu," nikamwonyesha Mkunga. "Muulize."

Akampa kalamu. Mkunga, ambaye hakuwa anajua kosa liko wapi, akaandika neno lake moja, R inatazama nyuma. Sasa zilikuwa R tatu mezani, ya kliniki ya miaka minne nyuma, yangu na yake, zote zimegeuza shingo upande mmoja. Karani akajikuna kisogo. Akaita mwenzake, wakatazama pamoja, wakacheka, wakaacha kucheka. Halafu akachukua rula, akakata Ampa Roho kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake Amparo, na pembeni: mtoto wa huyu.

Kwa R ya kawaida. Mkunga akainama juu ya kitabu, akasema kwa dharau, "Ona, hajui kuandika."

Siku hiyo alilala kwangu, akasema maharage yangu hayajaiva. Hakunipongeza. Lakini tangu siku hiyo aliacha kuniita Mrundi. Aliniita Mama Amparo, na ninajua alikuwa na wamama Amparo wengi, ila wengine aliwaita kwa majina ya waume zao.

Jinsi nilivyotoka kambini, nikaolewa na mkulima wa Mwandiga, nikapata karatasi zangu, ni shughuli ya miaka mingi. Anayetaka aje nimsimulie, alete sukari. Nilianza na debe moja la mawese kichwani. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo napenda lijulikane.

Amparo alipokuwa na miaka kama kumi na mitano, alikuja msichana mmoja Mhispania kufanya kazi hospitali mjini Kigoma. Mwanangu alikwenda na jino, yule msichana akasoma kadi, akapiga mayowe: "Amparo? Wewe? Hii jina ya bibi yangu! Hii jina ya mabibi!" Mwanangu akarudi nyumbani analia. Kumbe ana jina la kizee. Kumbe huko Hispania wasichana wa siku hizi hawapewi hilo, limebaki kwa wanawake wenye fimbo, na zaidi upande mmoja wa nchi, huko pwani ya mashariki.

Nilimtafuta yule msichana, nikampeleka Ujiji kwa Mkunga. Nilitaka limalizwe mbele yangu. Sheikh alikuwa barazani, mzee naye sasa, anakunywa kahawa. Msichana akaeleza vizuri, kwa mikono na kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: amparo ni neno la kila siku kwao, hifadhi, kinga, mahali pa kukimbilia. Na kama jina linamhusu Maria, Mama wa waliotupwa, wasio na pa kwenda. Watu wa mji mmoja wanamsherehekea kila mwaka kwa maua.

Sheikh aliweka kikombe chini taratibu, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. "Unasikia? Miaka yote unatuzungusha. Jina la Maria!"

"Maryamu yumo kwenye Kurani, sheikh," Mkunga akasema. "Ana sura yake nzima. Kasome."

Kisha akamgeukia yule Mhispania. "Nasikia kwenu lina wazee tu?"

"Ndiyo, Bibi. Wazee tu."

"Kwenu limezeeka kwa sababu mnalala ndani. Huku bado linanyonya."

Niliporudi nilimpitia katekista, ambaye alikuwa amehamia parokia ya karibu, nikampa habari ya Mama wa waliotupwa. Akasema, "Lo, kumbe nilimbatiza jina lile lile." Nikamwambia hakumbatiza. Alikuwa na jina lake kabla hajafika kwake.

Mara ya mwisho kukaa na Mkunga, macho yalikuwa yameshamwacha na alikuwa haondoki kitandani. Amparo alikuwa amejifungua, hospitali, salama, msichana. Tukampelekea kichanga, mimi mbele, kitenge kipya, kifua mbele. Nilikuwa na ombi moja na sikufikiri lingeweza kukataliwa.

"Mama Mkunga, tumekuletea Amparo mdogo."

Akampapasa mtoto. Miguu kwanza, kama kawaida yake, kisha kitovu, kisha utosi. Mikono ilikuwa imekauka lakini haikutetemeka.

"Amezaliwa wapi?"

"Hospitali, kitanda cha dirishani," mwanangu akajibu.

"Na mnalala wapi?"

"Kwa mama, Mwandiga."

"Paa lake?"

Nikadakia mimi, kwa majivuno: "Bati, Mama. Geji nzito. Halivuji hata tone."

"Basi ondoeni hilo jina kwake."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia jina hili nililipigania mbele ya serikali, nina haki ya kumpa mjukuu wangu. Nilipandisha sauti, kitandani kwa mgonjwa, sioni aibu kulisema.

"Ulilipigania kwa kuwa mlikuwa hamna kingine," alisema. "Huyu ana mama, ana bibi mkorofi, ana bati. Unataka kumfunika mwavuli ndani ya nyumba? Watamuuliza maisha yake yote, umekimbia nini. Hajakimbia kitu. Mpe jina la mtu aliyezaliwa kwao."

Nilimgeukia mwanangu anisaidie. Amparo alikuwa anamtazama mtoto. Akasema polepole, "Mama, mimi kila meza niliyofika nimelitamka mara tatu. Yeye asilitamke."

Wawili hao walinishinda. Nikaketi pembeni ya kitanda. Mkunga akamrudisha mtoto, akamwambia mwanangu anyonyeshe upande wa kushoto maana wa kulia anauonea, akaanza kutusimulia uongo kuhusu mke wa sheikh.

Mjukuu wangu anaitwa Zawadi. Darasani kwao wako Zawadi wanne, na hakuna karani aliyewahi kulikosea.

Nilicho nacho leo ni hiki: Nyumba ya tofali za kuchoma Mwandiga, vyumba vinne, bati geji nzito. Shamba la michikichi, eka mbili na kipande. Kinu cha kukamulia mawese, injini yake mpya. Mbuzi sita, mmoja kiwete. Baiskeli. Viti vya plastiki kumi na viwili, watu wanaviazima misibani. Mume, anakoroma. Binti. Mjukuu. Kitambulisho changu, jina langu limeandikwa sawasawa.